Propaganda ya vita katika katuni ni nini?

Mtu akisema "hizo ni propaganda tu," kwa kawaida anamaanisha uongo. Maana hiyo ni finyu. Propaganda ni ujumbe uliopangwa makusudi ili watu waamini au watende jambo analolitaka aliyeutuma, na ujumbe huo unaweza kuwa kweli tupu. Katika katuni za vita, kazi hiyo walipewa wahusika ambao watazamaji walikuwa wanawapenda tayari.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wizara ya Fedha ya Marekani iliiagiza studio ya Walt Disney katuni fupi ya kuhimiza ulipaji wa kodi ya mapato, The New Spirit. Bata Donald Duck anaambiwa kodi yake itatengeneza silaha. Hilo lilikuwa kweli, na bado ni propaganda: mtazamaji alitakiwa atoke ukumbini ameshakata shauri. Januari 1943 ikafuata Der Fuehrer's Face. Humo Donald anaota yuko Ujerumani ya Hitler, anafunga makombora kiwandani bila kupumua, na kila picha ya Hitler ikipita sharti aipigie saluti. Katuni hiyo ilipata Oscar, na kwa maoni yangu sehemu hiyo ya kiwandani ilistahili, kwa kuwa inaucheka utawala wa amri na hofu.

Wajapani hawakuchekwa hivyo. Katika katuni ya Bugs Bunny ya 1944, sungura huyo anatua kwenye kisiwa cha Pasifiki na kukuta askari wa Kijapani waliochorwa meno nje, wote sura moja. Hapo anayedhihakiwa ni taifa zima. Kamera ingelazimika kuonyesha uso wa mtu fulani. Kalamu ya mchoraji hailazimiki, na mtoto hucheka kabla hajapata nafasi ya kuuliza. Wakati huohuo, huko Marekani, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, walikuwa wamefungiwa kambini kwa sababu ya asili yao. Kwangu mimi katuni ile haitenganishwi na kambi zile.

Japani nayo ilikuwa na yake. Jeshi la Majini lilimwagiza Mitsuyo Seo atengeneze filamu ndefu ya katuni iliyotoka Aprili 1945. Alimchukua Momotaro, mtoto wa hadithi za kale aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, akamfanya kamanda wa wanyama wanajeshi. Wanyama wa kisiwani wanafundishwa silabi za Kijapani kwa wimbo mtamu, na Waingereza wanaosalimu amri wamechorwa na pembe kama mashetani. Kijana Osamu Tezuka, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni nchini humo, aliitazama filamu hiyo mjini Osaka mwaka huohuo. Ilimliza kwa uzuri wake.