Ugonjwa wa Kazini Una Siku Zake

Hapa Tabora, ukianguka kwa kizunguzungu baada ya kushinda unachuma tumbaku, utaambiwa hukunywa chai, au ni malaria. Malaria ipo, sikatai. Lakini nikotini ya majani yaliyolowa umande hupenya kwenye ngozi, ukatapika na kichwa kikauma. Ugonjwa huo umetoka shambani, hukuja nao kutoka nyumbani.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba kuripoti ni hiari ya bosi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri autaarifu Mfuko wa Fidia (WCF) ndani ya siku 7 tangu ajue habari za ajali, na siku 14 ikiwa ni ugonjwa. Mfanyakazi naye asilale: miezi 12 ikipita yuko kimya, haki inaweza kumponyoka. Andika, hata kwenye karatasi ya daftari, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Maneno ya getini msimamizi huyasahau kabla hajafika ofisini.

Wengine hunyamaza wakiogopa makato. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake, haugusi mshahara wako.

Halafu kuna hili la "msongo wa mawazo ni kudeka", ambalo hata wafanyakazi wenyewe hulisema. Shirika la Kazi Duniani liliingiza maradhi ya akili yatokanayo na kazi kwenye orodha yake mwaka 2010. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba kazi ndiyo chanzo. Karani mmoja niliyefanya naye kazi ghalani alikosa usingizi msimu mzima wa masoko, akaambiwa aombe likizo bila malipo. Hakujua kwamba likizo ya ugonjwa haiulizi chanzo: akiwa na cheti cha daktari, ana siku 126 katika kila miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu.

"Kibarua hana likizo hiyo." Hapa bosi ana nusu ya ukweli, maana aliyefanya kazi chini ya miezi sita hahusiki. Lakini kibarua aliyerudi kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, na siku zake zikajumlishwa zikapita miezi sita, anahusika. Tena miezi sita hiyo ni ya likizo tu. Aliyekatwa kidole siku yake ya kwanza kazini, zile siku 7 za kuripoti zinamhesabia bosi vilevile.