Mbwa hana kiburi, hasikii

"Daktari, huyu mbwa siku hizi ana kiburi. Namwita, hata hageuki."

Mzee aliyeniambia hivyo alikuwa amemleta mbwa wake wa miaka 9 kwa chanjo ya kichaa cha mbwa tu. Nilisimama nyuma ya mbwa nikagonga funguo kwenye sahani ya chuma. Hakutikisa hata ncha ya sikio. Nilipoliinua sikio lenyewe, harufu ya kitu kilichochacha ikajaa chumbani, na nilipominya shina lake kwa vidole nikasikia majimaji yakicheza ndani, chwaka chwaka. "Hapana mzee wangu," nikamwambia, "hasikii. Na linamuuma." Akanyamaza, mkono juu ya kichwa cha mbwa. Kisha akasema, "Nimekuwa nikimchapa kwa hilo."

Njia ya sikio la mbwa haikunyooka kama yetu. Inashuka kwanza, halafu inakata kona kuingia ndani, kama herufi L. Maji ya kuogeshwa, nta, hata kupe, vikifika kwenye kona hiyo havitoki kirahisi. Mbwa mwenye masikio yaliyolala ana tabu zaidi, maana hewa haipiti.

Wengi wetu tukiona usaha tunadhani ndio ugonjwa. Bakteria na fangasi kwa kawaida hupata nafasi baada ya kitu kingine kuiharibu ngozi ya ndani ya sikio. Kwa mtoto wa mbwa huenda ni utitiri, na utaona uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Lakini sikio linalopona na kurudia, linapona na kurudia, mara nyingi lina aleji nyuma yake. Mtazame: je, analamba nyayo? Anajikuna makwapa na tumbo? Ikiwa tunashuku chakula, tunambadilishia kwa wiki 8 hivi. Aliyekulia ugali na dagaa anapewa nyama ambayo hajawahi kuila, tuseme ya sungura, na viazi, bila hata kipande cha makombo kutoka kwa watoto. Hapo kwenye makombo ndipo zoezi linapoharibikia.

Kliniki tunachukua uchafu kidogo kwa pamba, tunaupaka kwenye kioo, tunautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Fangasi wa masikio ana umbo la ganda la karanga, huwezi kumkosea. Bakteria wa duara wana dawa yao, na wale wa vijiti ni wakaidi zaidi, wakati mwingine tunalazimika kuwaotesha maabara ili kujua dawa gani inawaua. Halafu tunachungulia kama kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa njia, ni kizima. Hili naomba lizingatiwe sana, kwa sababu baadhi ya dawa za matone, zenye gentamaisini kwa mfano, zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kuua usikivu moja kwa moja. Ndiyo maana nasihi mtu asichukue chupa iliyobaki mwaka jana, wala matone ya binadamu. Mafuta ya taa, spiriti na oili chafu ni mateso kwa ngozi iliyokwisha chubuka.

Ukipewa dawa ya kusafishia, jaza njia ya sikio, kanda shina lake nusu dakika, mwache ajitikise, kisha futa kwa pamba pale tu macho yako yanapofika. Vijiti vya pamba vinasukuma uchafu chini kwenye kona. Akilia kwa maumivu au kichwa kikaanza kuinama upande, acha, rudi kwa daktari. Na usikatishe matone siku harufu inapoisha. Hadubini ndiyo inayosema limepona.

Likiachwa miaka, ngozi ya ndani hunenepa, njia hujifunga, na gegedu, ile tishu inayopinda inayolipa sikio umbo, huweza kugeuka ngumu kama mfupa. Ugonjwa ukipita sikio la kati hadi la ndani, mbwa anapepesuka, anazunguka upande mmoja. Wakati huo upasuaji wa kuondoa njia yote ya sikio ndio unaobaki kumtoa kwenye maumivu. Kama usikivu ulizibwa na uvimbe na usaha tu, sehemu yake inaweza kurudi. Sikio la ndani likishaharibika, haurudi.

Asiyesikia bado ana pua, macho na ngozi. Mkaribie kwa mbele. Akiwa amelala, gonga sakafu kwa mguu ahisi mtikisiko, au weka kiganja karibu na pua yake akunuse kwanza. Waelezeni watoto, maana mbwa mpole akishtuliwa usingizini anaweza kuuma bila kukusudia, na chanjo yake ya kichaa isipitwe na wakati. Usimwachie barabarani bila kamba, hasikii bodaboda. Usiku mwite kwa kumulika tochi chini mbele yake.

Yule mzee alirudi baada ya wiki 3. Alinionyesha ishara aliyomfundisha: anajipiga paja mara mbili huku bakuli liko mkononi, na mbwa anakuja mkia ukicheza. Sikio la kulia lilikuwa limekauka. La kushoto bado lilionyesha fangasi kwenye kioo, nikamwongezea wiki 2 za matone.