Kipimo cha jicho kabla ya kufanyiwa mtoto wa jicho: hatukuzungushi, tunatafuta namba ya lenzi yako

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naandika kwa niaba ya wenzangu wa kitengo cha macho kwa sababu malalamiko yamekuwa mengi, khasa kila ikitangazwa kambi ya macho, na karibu yote yanahusu jambo moja, kile kipimo kinachofanywa kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Watu wanasema wanazungushwa. Wanasema fulani wa Wete kapimwa na kafanyiwa siku hiyo hiyo, mbona mie naambiwa nirudi Jumatatu. Kesi ya mtu mmoja mmoja sitoizungumzia hapa, haturuhusiwi, lakini utaratibu wenyewe kila mtu ana haki ya kuujua.

Lenzi tunayokuwekea ndani ya jicho ina namba, na namba hiyo haitokani na umri wako wala miwani yako ya zamani. Inatokana na vipimo viwili vikubwa: urefu wa jicho kuanzia kioo cha mbele mpaka pazia la nyuma, na mviringo wa kile kioo cha mbele. Jicho la mtu mzima kwa kawaida lina urefu wa kama milimita 23.5. Tukikosea milimita 1 tu, mgonjwa anatoka na kosa la karibu dayopta 2.5 (dayopta ndio kipimo cha nguvu ya lenzi), yaani upasuaji umekwenda vizuri, kidonda kimepona vizuri, na mtu bado anamjua mjukuu wake kwa sauti akiwa kakaa upande wa pili wa baraza.

Nitaeleza hesabu kidogo maana hapa ndo penye ubishi. Iko fomula ya mwaka 1980 inaitwa SRK, siku hizi zipo bora zaidi lakini hii ni nyepesi kuionesha. Unachukua namba maalumu ya aina ya lenzi inayotoka kiwandani, tuseme 118.4, unatoa urefu wa jicho mara 2.5, halafu unatoa nguvu ya kioo cha mbele, inayotokana na ule mviringo wake, mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye kioo cha nguvu 43.5 linapata lenzi ya 20.5. Jicho la milimita 22, kioo kile kile, linataka lenzi ya 24 na kitu. La milimita 26 linataka 14 na kitu. Sasa mtu anapokuja akasema niwekeeni kama ya kaka angu, sisi ni ndugu wa tumbo moja, jamani, undugu hauingii kwenye hesabu hii. Daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la binadamu, London mwaka 1949, namba hazikukaa sawa na mgonjwa wake akatoka na jicho lisiloona mbali kabisa bila ya miwani mizito. Dunia ilijifunza hapo, sie hatuna sababu ya kurudi kule.

Mashine ziko za aina mbili. Moja inatumia mwanga, unaweka kidevu, unatazama taa, haikugusi, dakika chache umemaliza. Ile ni nzuri sana lakini mwanga lazima upite mpaka nyuma ya jicho urudi. Ukija na mtoto wa jicho alokuwa mweupe kama tui mwanga haupiti, mashine inagoma, tunahamia kwenye ya altrasaundi.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mambo ya "subiri mpaka aive" YAMEPITWA NA WAKATI. Sijui nani anaendelea kuyasambaza lakini kila wiki tunapokea wazee walokaa nyumbani miaka wakisubiri kuiva, na kuiva kwenyewe ndiko kunakofanya kipimo kiwe kigumu na upasuaji uwe mgumu zaidi. Njoo mapema upimwe, daktari ndo atakwambia kama ni wakati wake au bado.

Hii ya altrasaundi inafanya kazi kama ile mashine ya wavuvi ya kutafutia samaki, inapeleka sauti inasubiri irudi kutoka chini. Unatiwa dawa ya ganzi ya matone, halafu kichwa kidogo cha mashine kinagusa kioo cha jicho. Kinagusa tu, hakibonyezi. Kikibonyeza hata kidogo jicho linasinyaa, mashine inasoma urefu mfupi, hesabu inatoa lenzi yenye nguvu kupita kiasi na wewe unaishia kuona karibu tu. Ndo maana tunarudia mara nyingi mpaka majibu yafanane, na ndo maana tunakwambia usisogee, usibane jicho, usizungumze. Kurudia si kwamba fundi hajui kazi, fundi asierudia ndie wa kumuogopa. Tena tunapima macho yote mawili hata kama linafanyiwa moja, na yakipishana zaidi ya milimita 0.3 tunaanza upya mpaka tujue sababu. Na wanaosema jicho linatolewa nje likawekwa mezani, hilo halipo na halijawahi kuwepo.

Wengi tunaowarudisha wanarudishwa kwa vitu ambavyo wangetuambia mapema tusingepotezeana siku. Sukari ikiwa inapanda na kushuka, kipimo hakiaminiki, itulie kwanza. Mwenye kinyama kilichopanda juu ya kioo cha jicho, na kwa watu wa bahari na jua kama sisi hawa ni wengi, mviringo wa kioo unakuwa umevutwa, pengine kinyama kitolewe mwanzo na jicho lipumzike ndo lipimwe. Ulowahi kufanyiwa upasuaji wowote wa jicho au leza ya kuacha miwani, sema, hata kama ilikuwa Muscat au Dar es Salaam miaka 20 nyuma, kwa sababu fomula ya kawaida inakosea kwa jicho kama lako. Wanaovaa lenzi za kubandika, pamoja na zile za rangi za harusini, wazivue siku kadhaa kabla, na zile ngumu wiki kadhaa, utaambiwa siku ukichukua miadi. Siku ya kipimo usipake wanja. Na tafadhali sana usitie asali wala maji ya majani kwenye jicho, kioo kikipata kovu hapo hakuna mashine itakayokusaidia.

Kwa waliofunga ambao hawataki matone mchana wa Ramadhani hatumlazimishi mtu, tuambie tu tukupangie siku nyengine.

Sasa utaratibu wetu. Fomu ya kipimo ina jina lako, namba yako ya faili, jicho la kulia au la kushoto, na namba ya lenzi, na inasomwa kwa sauti mara mbili, mara moja unapoondoka chumba cha kipimo na mara nyengine kabla hujalala kitanda cha upasuaji. Ukiulizwa jina lako na jicho gani, jibu, hata kama umeshaulizwa na mtu mwengine dakika tano nyuma, usikasirike. Fomu haihamishiki. Tukikuta mtu kaja na fomu ya mwenzake ili awahi nafasi, upasuaji unasimama, fomu zote mbili zinafutwa na wote wawili wanapimwa upya mwisho wa foleni, hata kama mmoja katoka Kojani kwa mashua. Inaumiza lakini lenzi ya mtu mwengine ndani ya jicho lako inaumiza zaidi. Ukikosa siku yako bila ya taarifa unapangiwa upya, ukipiga simu kabla tunakuwekea. Na anaekwambia atakurusha kipimo kwa pesa, usimpe, mripoti kwa uongozi wa hospitali au ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar.

Jambo la mwisho ni la kuzungumza na daktari kabla lenzi haijachaguliwa. Lenzi tunazoweka mara nyingi zina umbali mmoja tu. Wengi tunawawekea waone mbali, halafu kusoma msahafu watahitaji miwani, na hilo si kosa la upasuaji. Lakini bi mkubwa anaeshona kofia au kusuka ukili kutwa nzima pengine angependa aone karibu bila ya miwani na avae miwani akitoka, na hilo linawezekana, namba tu inabadilika. Tatizo watu hawasemi. Wanasema "vyovyote daktari" halafu wanakuja kulalamika mwezi unaofuata.

Baada ya upasuaji utapewa kadi yenye namba ya lenzi ulowekewa. Iweke pamoja na kitambulisho chako, na ukija kwa jicho la pili njoo nayo.