Armstrong hakuwa mtu wa tabasamu tu

Kijiweni jirani na soko la Kilombero, Arusha, mzee mmoja alishusha kikombe cha kahawa akasema: "Mwanamuziki apige tarumbeta, kuongea awaachie wanasiasa. Louis Armstrong yule wa jazi alitabasamu na kujifuta jasho kwa kitambaa, basi."

Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umeteleza. Kitambaa ni kweli, ukimya si kweli. Septemba 1957, gavana wa Arkansas, Marekani, alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie sekondari moja mjini Little Rock. Armstrong, akiwa hotelini Grand Forks, alimwambia mwandishi kijana kwamba Rais Eisenhower hana ujasiri, tena akakataa kwenda Umoja wa Kisovieti kwa niaba ya serikali yake. Matusi aliyomporomoshea gavana hayakuchapika; ilibidi yapunguzwe makali. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka wanajeshi kuwasindikiza watoto wale. Sisemi ni kwa sababu ya tarumbeta.

Na mpiga piano Herbie Hancock? Aliteuliwa balozi wa nia njema wa UNESCO mwaka 2011, akaipigania Siku ya Kimataifa ya Jazi, Aprili 30.

Kikombe cha pili alilipa mzee.