Vibanzi vidogo zaidi havileti rojo bora zaidi

Wengi hudhani kwamba mti ukikatwa vibanzi vidogo zaidi, kiwanda cha karatasi, kama kile cha Mgololo wilayani Mufindi, hupata rojo, yaani uji wa nyuzi za mti wa kutengenezea karatasi, kwa urahisi zaidi. Sivyo. Kinachoamua hasa ni unene, kwa sababu dawa ya kupikia, yaani soda kali na salfaidi ya sodiamu, hupenya kutoka pande zote, na kibanzi kinachozidi unene wa takriban milimita 8 hutoka kibichi katikati hata baada ya kupikwa kwenye nyuzijoto zipatazo 170. Unga wa mti na vijiti vyembamba, vinavyosifiwa bure, hupikika kupita kiasi, hupunguza mavuno na huziba mzunguko wa dawa ndani ya tangi. Fundi makini huanzia kwenye visu vya kukatia vibanzi: kisu butu huponda mti badala ya kuukata.