Haki ya kupata taarifa kwa mdhibiti wa maji na umeme: ni haki ya kuona nini?

Bomba la maji linaloingia nyumbani ni moja, na waya wa umeme vilevile. Hata pale ambapo mteja anaruhusiwa kubadili muuzaji, nyaya na mabomba hubaki yale yale, chini ya mwenye mtandao yule yule. Kwa sababu hiyo sheria huweka mdhibiti, yaani mamlaka inayotoa leseni, kuidhinisha bei na kusimamia ubora wa huduma, ili mtu asiye na pa kuhamia asiachwe mikononi mwa anayemuuzia. Haki ya kupata taarifa kwa mdhibiti ni haki ya mtu yeyote kusoma yale ambayo mamlaka hiyo imeyasoma kabla ya kuamua: maombi ya kampuni, hesabu zake, maswali ya wataalamu na majibu waliyopewa, maoni ya wananchi, pamoja na sababu za uamuzi.

Wengi wetu hukutana na mdhibiti siku moja tu, siku bei mpya inapotangazwa. Tangazo hilo ni jibu la hesabu. Njia iliyolifikia jibu imo katika nyaraka, nayo si ngumu kama inavyodhaniwa. Hujumlishwa gharama za uendeshaji, uchakavu wa mitambo, kodi, na faida ambayo kampuni inaruhusiwa kupata juu ya mtaji iliouwekeza. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Karibu kila tarakimu humo ni makadirio, na makadirio yana mwenyewe.

Tuchukue mstari mmoja wa maombi hayo: upotevu wa maji. Maji yakishatoka mtamboni, mengine huvuja njiani, mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita mbovu bila kuhesabiwa. Kampuni ikisema asilimia 20 hupotea, basi ili iuze uniti 100 inabidi izalishe 125. Ikisema asilimia 30, inabidi izalishe karibu 143. Uniti 18 za tofauti zimekula dawa ya kutibu maji na umeme wa pampu kama nyingine zote, na gharama hiyo huingia kwenye bili. Mdhibiti ana uwezo wa kusema: kwenye bei nitakubali upotevu wa asilimia 20, unaozidi hapo kampuni ijibebee yenyewe. Je, alisema hivyo? Jibu liko kwenye jedwali moja la maombi na aya moja ya uamuzi. Asiyeonyeshwa viwili hivyo hana namna ya kujua kama analipia maji aliyotumia au mabomba ambayo hayajazibwa.

Taarifa hizi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mdhibiti kuzichapisha bila kuombwa. Tume za udhibiti za majimbo ya Marekani, ambazo za mfano zilianzishwa Wisconsin na New York mwaka 1907, zimezoea kufungua jalada lenye namba kwa kila shauri, na barua, majedwali na ushahidi vinaingizwa humo kadiri vinavyofika. Mtu akiwa na namba ya jalada anaweza kulifuata shauri tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha uwazi: jalada linalosomeka wakati shauri bado linaendelea.

Njia ya pili ni kuomba kwa maandishi chini ya sheria ya haki ya kupata taarifa. Sweden ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1766, Marekani ilipitisha ya kwake 1966, na ya Uingereza ya mwaka 2000 ilianza kutumika kikamilifu 2005. Ila sheria moja inaweza kufunga mlango ambao nyingine imeufungua. Huko huko Uingereza, sheria ya huduma za umeme na gesi ya mwaka 2000, katika kifungu cha 105, inamzuia mdhibiti kutoa taarifa za kampuni alizozipata kwa mamlaka yake, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Anayeomba anaweza kujibiwa kwamba haki anayo, lakini si kwa karatasi hiyo.

Zipo siri za haki. Taarifa binafsi za wateja, bei za zabuni ambayo haijafunguliwa, na michoro inayoonyesha mahali ambapo mtandao unaweza kuhujumiwa, hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na neno “siri ya biashara” linapogongwa muhuri juu ya kila ukurasa. Siri ya biashara hulinda dhidi ya mshindani. Kampuni iliyo peke yake kwenye mabomba ya mji mzima inamficha mshindani yupi gharama zake za pampu? Mdhibiti makini huitaka kampuni inayoomba siri ieleze, mstari kwa mstari, madhara gani yatatokea, kisha hufunika tarakimu zilizothibitishwa tu na kuacha ukurasa uliobaki usomeke.

Kampuni yenyewe nayo huenda ikalazimika kujibu. Mwaka 2009 shirika la Fish Legal liliziomba kampuni za maji za Uingereza taarifa kuhusu umwagaji wa majitaka. Kampuni zikajibu kwamba ni za binafsi, sheria ya taarifa za mazingira haiwahusu. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa mwongozo Desemba 2013, na mwaka 2015 baraza la rufaa la Uingereza likaamua kwamba sheria hiyo inazihusu. Msingi wake ulikuwa kwamba kampuni hizo zimepewa mamlaka maalumu, kama vile kutwaa ardhi kwa lazima na kuzuia matumizi ya mipira ya kumwagilia wakati wa ukame, mambo ambayo kampuni ya kawaida haiwezi kuyafanya.

Linalosahaulika mno ni muda. Jedwali likitolewa baada ya mkutano wa maoni kufungwa, limebaki kuwa historia. Kwa hiyo anayeomba asiandike “naomba taarifa zote za bei”. Ombi pana hivyo ni rahisi kulikataa au kulikalia. Ataje namba ya shauri, jina la jedwali, mwaka wa hesabu, na aombe faili la hesabu lenyewe badala ya picha yake, maana kwenye picha hawezi kubadilisha 30 kuwa 20 akaona bei inashuka kwa kiasi gani.