Tairi za tela na magari ya zamani: usianze na bei, anza na rimu

Mbukwenyi wadau. Mavuno yakikaribia simu yangu haitulii, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, fundi tairi la tela limepasuka nitapata wapi la bei nafuu. Mimi nafanya kazi ya matela na tairi hapa Kizota, Dodoma, miaka mingi sasa, na swali la kwanza ninalorudisha sio una shilingi ngapi, ni rimu yako ikoje. Watu wengine hawapendi, wanaona nawazungusha. Lakini hela nyingi ambazo wakulima wa huku kwetu wanapoteza kwenye tairi hazipotei sababu tairi ni ghali, zinapotea sababu wamenunua lisiloingia, au lililoingia lakini halibebi ule mzigo.

Nianze na mzee mmoja wa Hombolo, ana shamba la zabibu na alizeti. Alinunua tela la mtumba kutoka Ulaya, zuri kabisa, chuma kizito, limekuja na tairi zake zimeandikwa 10.0/75-15.3. Hiyo 15.3 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, rimu ya mashine za shamba za wenzetu, huku ni adimu. Moja likapasuka katikati ya mavuno, akazunguka mjini wiki nzima, mwisho mtu akamuuzia tairi la inchi 15 la pickup akamwambia mzee hili litaingia tu, tofauti ni kidogo. Tofauti ni kama milimita 7 na nusu kwenye kipenyo, kweli kwa macho huioni, ila kwa tairi ni kubwa sana. Fundi pancha akapaka sabuni, akapiga nyundo, akajaza upepo, ukingo wa tairi haukai, akaongeza upepo, bado. Bahati njema mzee akasema acheni. Hapo ndo watu wanaumia, ule ukingo una waya ndani, waya ukikatika upepo ukiwa mwingi tairi linaruka kama bomu. Namba ya mwisho kwenye tairi na namba ya rimu lazima zifanane kabisa, 15 ni 15, 15.3 ni 15.3, 17 sio 17.5. Hakuna ya kulazimisha.

Tulichofanya kwa yule mzee ndo ninachowaambia wote wenye size za ajabu: usitafute tairi, badili rimu. Tulipata habu (kile kitovu rimu inapofungwa) na spindo (mhimili habu inapozungukia) za mbele za Canter kwenye vyuma chakavu, spindo zikaingia ndani ya bomba nene la ekseli zikachomelewa kuzunguka, tukafunga rimu za Canter na tairi za 7.50-16. Ile kazi aliilipia mara moja. Sasa tairi likimfia akiwa shamba anapata jingine Dodoma mjini, anapata Kibaigwa, anapata Mpwapwa, hata akiomba la kuazima kwa mwenye Canter jirani anapewa aendelee na kazi. Unafuu wenyewe uko hapo, tela lako livae kiatu ambacho mtaa mzima unavaa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote angalia magari yanayopita njia yako yanavaa nini. Huku kati utaona 7.50-16 ya Canter na Land Rover za zamani, 195R14 ya Hiace na pickup, 6.00-12 ya pawatila, 6.00-16 na 7.50-16 za mbele za Massey Ferguson, na yale makubwa ya malori ya Dar kwenda Mwanza. Hizo ndo size zako. Ila hapo kwenye 7.50-16 kuwa makini, ya mbele ya trekta na ya Canter rimu yake ni ile ile inchi 16 lakini sio tairi moja. La trekta limetengenezwa kutembea taratibu shambani, mara nyingi ni la 6PR au 8PR (PR ni kipimo cha uimara wa tairi, kubwa inabeba zaidi), ukiliweka kwenye gari ukaingia nalo lami kwenda Morogoro linachemka. La Canter utakuta 12PR, 14PR.

Sasa mzigo. Ubavuni mwa tairi baada ya size kuna namba kama 88T au 106/104 na herufi. Hiyo namba inakwambia tairi moja linabeba kilo ngapi. 88 ni kilo 560, 102 ni kilo 850, 106 ni kilo 950, 122 ni kilo 1500. Zikiwa mbili zimetenganishwa na mkwaju, ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni yakiwa mawili mawili kama nyuma ya lori. Piga hesabu hivi, tela lenyewe tuseme kilo 700, gunia 20 za mahindi za kilo mia mia ni 2000, jumla 2700, gawa kwa tairi mbili ni 1350 kila moja. 7.50R16, ile 7.50-16 kwa muundo wa radial, yenye 122 inabeba bila shida. Sasa mtu anafunga tairi za gari ndogo 185/70R14 zenye 88, mbili kwa pamoja ni kilo 1120, toa 700 za tela lenyewe, hata gunia tano ushazidisha! Halafu anakuja kulalamika tairi za siku hizi hazina ubora. Kuna watu wanasema si linatembea pole pole na trekta, ni kweli mwendo mdogo unasaidia, lakini usitegemee huruma ya mwendo kwenye barabara za Chamwino zenye makorongo, shimo moja linaongeza mzigo ghafla.

Na hizo kilo ni upepo ukiwa kamili. 195R14 ya 8PR inataka kama psi 65 ndo ibebe kilo 950 yake, ile 7.50R16 ya 14PR inapita psi 100. Mimi naona matela mengi yana upepo 30 kama Corolla, ubavu unajikunja kunjuka njia nzima, unachemka, na jua la Dodoma saa nane mchana nalo liko juu yake. Nunua geji yako mwenyewe.

Tuje kwenye rimu za mtumba, hapa ndo napenda zaidi sababu ukijua kupima unaokoa hela nyingi. Rimu haitoshi kuwa na matundu matano, inabidi duara la yale matundu lifanane na la habu yako. Yenye matundu manne au sita ni rahisi, pima na futi kutoka ukingo wa ndani wa tundu moja mpaka ukingo wa nje wa tundu linalotazamana nalo, umepata. Ya matundu matano hakuna linalotazamana na lingine, kwa hiyo pima hivyo hivyo tundu moja na lile la kuruka moja, halafu zidisha kwa 1.051. Mfano ukipata milimita 157 inakuja 165, hiyo ni Land Rover ya zamani. Ukipata kama 108.7 inakuja 114.3, hiyo ni Noah na gari nyingi za Kijapani. Ukipata kama 142.6 hiyo ni 150, Land Cruiser kubwa za 100 na 200. Za matundu sita za Hilux, Prado, Pajero, Patrol na Hiace za sasa ni 139.7, hizo zinaingiliana sana, ndo maana kwa tela dogo napenda habu za Hilux, rimu zake utazipata popote. Escudo za zamani zina 139.7 pia lakini matundu matano, usichanganye.

Ila matundu kulingana sio mwisho. Lile tundu kubwa la katikati liingie kwenye habu bila kulazimisha. Nati nazo ziangalie, nyingi zina kichwa cha koni kinachokaa kwenye koni ya rimu, lakini nati za rimu nyingi za alloy za Toyota zina shingo na washa bapa, ukiifunga hiyo kwenye rimu ya chuma inaonekana imekaza kumbe haijakaa, baada ya kilomita chache inalegea. Na nati ya Toyota usiipeleke kwenye stadi (bolti ya habu) ya Nissan, unene ni ule ule wa milimita 12 lakini uzi wa Toyota ni 1.5 na wa Nissan ni 1.25, itaingia mizunguko miwili ikwame, ukitia nguvu umeua stadi. Rimu yenyewe ichunguze kwa mwanga, pitisha kidole kuzunguka matundu ya nati utafute ufa, na pale tairi linapokaa pasiwe pameliwa na kutu. Rimu iliyochomelewa ufa mimi sifungi kwenye kitu chochote kinachobeba mzigo, nimekataa kazi nyingi kwa hilo na nitaendelea kukataa.

Wenye Land Rover 109 na wenzake nyie nawaelewa sana, hizo gari zinafanya kazi ya kweli vijijini. Tairi lenu ni 7.50-16 lenye tyubu. Kuna 235/85R16 ambalo kimo chake karibu ni sawa na wengi wanalitamani, lakini rimu ya zamani ya inchi 5 na nusu ni nyembamba kwake, linataka kuanzia 6. Pia nyingi ya rimu hizo za zamani zimeunganishwa kwa ribiti, upepo unapita kwenye ribiti, kwa hiyo msiweke tubeless (tairi lililotengenezwa kutumika bila tyubu) bila tyubu mkashangaa asubuhi gari limekaa chini.

Tairi za mtumba za Japan sizikatai, nazifunga kila wiki, ila soma mwaka. Tafuta neno DOT ubavuni, mwisho wake kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Zikiwa tatu ni tairi la kabla ya 2000, liache hapo hapo hata kama kashata zake (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) ni nzima. Watu wanaangalia kashata tu, lakini tela la shamba halimalizi kashata, linakaa miezi sita juani halafu linakufa kwa nyufa. Likunje kwa mikono, angalia katikati ya mistari na ubavuni, ukiona nyufa zimefunguka kama ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi rudisha. Kingine kuna tairi za barafu. Japan kule kuna theluji wanatumia tairi za mpira laini zimeandikwa STUDLESS, kashata zake zimejaa mikato myembamba myembamba, ukilibonyeza na kucha linaitikia. Linauzwa rahisi, linaonekana jipya, lakini ule mpira umetengenezewa baridi, kwa joto letu unaisha haraka sana. Kwa mkokoteni wa ng'ombe sawa, kwa gari la kwenda Singida hapana.

Yale ya kuchongwa kashata upya sipendi kabisa. Tairi la lori lenye neno REGROOVABLE limeachiwa mpira wa ziada chini ndo linachongwa, lisilo na hilo neno ukilichonga unaukaribia waya.

Kwa tela kubwa kuna njia moja nzuri. Wenye malori ya safari ndefu tairi za mbele hawasubiri ziishe, wanazitoa mapema kwa usalama wa usukani. Ongea na wasimamizi wa magari au mafundi pancha wa pale Kibaigwa wanapopakia mahindi, waambie size unayotaka wakuwekee. Utapata tairi lenye kashata nusu, linalojulikana limetoka gari gani, kwa bei ambayo dukani hupati.

Kuhusu miiba, huku migunga haina msamaha. Tairi la tyubu likichomwa linashuka papo hapo, tubeless mwiba unabaki umeziba mwenyewe unafika nyumbani. Kama rimu yako inaruhusu chagua tubeless, kama ni tyubu basi ukitoa tairi pitisha kitambaa ndani yote, ncha ya mwiba uliovunjikia ndani ndo inayokuletea pancha tatu za sehemu moja. Na tyubu iwe ya size hiyo hiyo, tyubu kubwa ikijikunja inajikata.

Na rimu zenye loki ringi, zile za vipande za malori ya zamani na Land Cruiser hardtop. Nikiwa bado najifunza kazi, mwenzetu alikuwa anajaza tairi amesimama usawa wa ringi, ringi haikukaa vizuri, ikaruka ikamvunja mkono na taya. Sijawahi kuusahau ule mlio. Toa upepo wote kabla hujalegeza hata nati moja, toa na sindano ya vali kabisa. Ringi yenye kutu au iliyopinda itupe. Wakati wa kujaza zungushia mnyororo au weka ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa kompresa usimame pembeni. Kama fundi wako hafanyi hivyo mwambie, asipokusikia chukua tairi lako uondoke, na watoto wasisogee hapo.

Mavuno yakiisha lipige tela jeki, weka magogo chini ya ekseli tairi zisiguse ardhi, zifunike na magunia kuzuia jua, na usipake dizeli au oili chafu kuzing'arisha, mafuta yanakula mpira. Ukinitafuta kwa WhatsApp nitumie picha tatu, ubavu wa tairi unaosomeka, rimu ikiwa imetolewa na futi imewekwa juu ya matundu, na habu yenyewe. Halafu niandikie unabeba gunia ngapi kwa safari moja na unatoka wapi mpaka wapi.